Binti wa Fundi wa Mabomba na Somo la Kodi

Katika masomo ya sheria liko moja ambalo wanafunzi wengi hulikabili kwa unyonge, nalo ni somo la kodi. Vitabu vyake ni vinene, ibara zake ni ndefu, na kila kifungu humrudisha msomaji kwenye kifungu kingine. Aghalabu husomeshwa kama hesabu: haya ni mapato, haya ni mapunguzo, toa haya katika yale, kilichobaki kitozwe kwa kiwango kadhaa. Mwanafunzi aweza kufuzu bila ya kuulizwa hata mara moja ni nani huyo anayetozwa, anaishi mtaa gani, ana mke au hana, na mke huyo ashughulika na nini.

Juma hili twapenda kuwaelezea wasomaji wetu, na hasa mama zetu na dada zetu, habari ya profesa mmoja wa Marekani aliyelisomesha somo hilo kwa miaka mingi kwa njia nyingine. Jina lake ni Dorothy A. Brown. Amesomesha katika Chuo Kikuu cha Emory kilichoko Atlanta, na baadaye katika Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington. Nchi yake iko mbali na sheria yake si yetu, lakini swali lililomwanzisha lilitoka ndani ya nyumba, baina ya mume na mke, na kwa hivyo tumeona lina mahali pake katika jarida la jamaa.

Bi Dorothy alilelewa Bronx, katika jiji la New York. Baba yake alikuwa fundi wa mabomba na mama yake muuguzi, Wamarekani weusi wenye kazi za halali na mishahara ya kawaida. Binti alisoma uhasibu, kisha sheria, kisha akazama katika kodi. Yeye mwenyewe ameeleza kwa nini alichagua fani hiyo: alitaka kuwa mbali na habari za rangi. Alikuwa amekwisha kuuona ubaguzi wa kutosha, na akadhani kwamba katika kodi hesabu ni hesabu tu, kwani fedha haina mweusi wala mweupe. Twamfahamu vizuri. Nasi twawajua watu waliokimbilia fani fulani ili wapumzike na maneno ya watu, wakayakuta yamewatangulia huko.

Kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi, yule mtoto aliyesoma ndiye anayeletewa makaratasi. Bi Dorothy akawa ndiye anayewajazia wazazi wake ritani za kodi. Na kila mwaka alikuwa akiona jambo linalomkera. Watu hawa wawili hawakuwa matajiri, walikuwa wakipata karibu sawa, na kodi waliyotakiwa kulipa ilikuwa kubwa kuliko alivyotarajia. Alizijua kanuni, akaipitia hesabu, hakuona kosa. Kosa halikuwamo katika hesabu. Ilimchukua miaka, naye tayari ni mwalimu, kufahamu kwamba lililokuwa likiwagharimu wazazi wake ni ile hali ya kuwa wote wawili walitoka asubuhi kwenda kazini.

Hapa yatubidi tupige hesabu kidogo, na twaomba msomaji asiikimbie. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme serikali yatoza asilimia 10 katika shilingi laki moja ya kwanza, na asilimia 30 katika kila kinachozidi. Mtu mmoja anayepata laki mbili atalipa elfu 10 kwa laki ya kwanza na elfu 30 kwa laki ya pili, jumla elfu 40. Sasa tuseme mtu huyo ana mke asiyefanya kazi ya mshahara, na sheria yamruhusu kuyagawa mapato yake nusu kwa nusu, kana kwamba kila mmoja wao amepata laki moja. Kila mmoja atatozwa elfu 10, na nyumba nzima italipa elfu 20. Kwa ruhusa hiyo peke yake nyumba imeokoa elfu 20.

Twende nyumba ya pili, ambayo mume apata laki moja na mke apata laki moja. Kabla ya ruhusa walikuwa wakilipa elfu 10 kila mmoja. Baada ya ruhusa, wakigawa nusu kwa nusu, ni elfu 10 kila mmoja vilevile. Hawakupata kitu. Nyumba mbili zenye laki mbili kila moja, mojawapo ikapewa zawadi na ya pili ikatazama. Na nyumba iliyoachwa ndiyo ile ambayo mama huamka alfajiri akapanda basi, akalipa nauli, na akamlipa anayemlelea mtoto.

Mfano ni wa kubuni, lakini ruhusa ya kugawa ni ya kweli, na ina kisa chake. Katika jimbo la Washington palikuwa na bwana mmoja, Henry Seaborn, mkubwa katika kampuni ya kuunda meli. Sheria ya jimbo lake ilihesabu chumo la wanandoa kuwa ni la wote wawili sawasawa. Yeye na mkewe wakaandika kila mmoja nusu ya mapato katika ritani yake, serikali ikakataa, na kesi ikafika Mahakama ya Juu. Mwaka 1930 majaji waliwapa haki Seaborn na mkewe. Mwaka huohuo mahakama hiyohiyo ilimnyima mtu wa California, wakili aliyeitwa Guy Earl, ambaye tangu mwaka 1901 alikuwa ameandikiana mkataba na mkewe kwamba watakachochuma ni chao wote. Wa kwanza alipata kwa sababu umiliki ulitokana na sheria ya jimbo. Wa pili alikosa kwa sababu ulitokana na maandishi ya watu wawili. Baada ya hapo majimbo mengine yakaanza kubadilisha sheria zao za mali ya ndoa ili watu wao wapate nafuu kama ya Seaborn, hata Congress ikaona bora iwape wote. Mwaka 1948 wanandoa wa nchi nzima waliruhusiwa kujaza ritani moja na kugawa mapato.

Kisha mambo yakageuka. Watu wasio na ndoa walilalamika kwamba wao ndio wanaobebeshwa, na mwaka 1969 Congress ikaamua wapewe jedwali lenye nafuu zaidi. Tangu hapo mume na mke wanaopata sawa waliweza kujikuta wakilipa kodi zaidi kwa kuoana kuliko lau wangebaki kila mmoja kivyake. Mabadiliko ya mwaka 2017 yalipunguza sehemu kubwa ya adhabu hiyo bila ya kuiondoa yote. Sisi tuliozoea kuhimiza vijana waoe hatukujua kama kuna jedwali la kodi linaloweza kuwaambia kinyume chake.

Kesi ya Seaborn na ya Earl husomwa karibu katika kila darasa la kodi huko Marekani. Mwanafunzi huulizwa majaji waliamua nini, kwa hoja ipi, na tofauti ya kesi mbili hizo ni ipi. Bi Dorothy hakuziacha kesi hizo wala hakuiacha hesabu. Alilolizidisha ni kuuliza ni nyumba za akina nani zilizofanana na nyumba ya Seaborn. Mwaka 1948 ni wake wa nani walioweza kukaa nyumbani kwa mshahara wa mume mmoja, na ni wake wa nani waliokuwa wakifua na kupika katika majumba ya watu kwa sababu mishahara ya waume zao haikutosha? Wake weusi wa Marekani walikuwa wakifanya kazi za malipo kwa wingi zaidi kuliko wake weupe, na mapato yao yalikaribiana zaidi na ya waume zao. Basi kanuni isiyotaja rangi popote ilishuka juu ya nyumba zisizofanana, ikawafikia hawa kwa nafuu na wale kwa mzigo.

Mwaka 2010 aliwaandikia walimu wenzake makala katika jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Saint Louis, juu ya kusomesha haki za kiraia kupitia somo la msingi la kodi. Hapo ndipo njia yake inapokaa wazi. Hataki somo la haki liwekwe kando, lisomwe Ijumaa jioni na wale wenye hamu nalo. Ataka liingie ndani ya somo lenyewe la kodi, kifungu kwa kifungu, ili yule anayekwenda kuwa mshauri wa matajiri alisikie pamoja na yule anayekwenda kuwatetea maskini. Na mwaka 2021 alitoa kitabu kwa watu wote, kiitwacho The Whiteness of Wealth, ambamo hadithi ya wazazi wake imetangulia mbele ya vifungu.

Kazi hiyo ilikuwa na uzito wake. Idara ya mapato ya Marekani haimwulizi mlipa kodi rangi yake, na kwa hivyo hapakuwa na daftari la kufungua na kuonyesha ushahidi. Ilimbidi akusanye kidogo kidogo kutoka kwenye sensa na tafiti za wanauchumi. Waliompinga walimwambia kwamba sheria haioni rangi, basi atawezaje kuilaumu? Mwaka 2023 watafiti, baadhi yao wa Chuo Kikuu cha Stanford, walitoa uchunguzi juu ya ukaguzi wa ritani. Walikuta kwamba Wamarekani weusi hukaguliwa baina ya mara 2.9 na mara 4.7 zaidi ya wasio weusi. Idara haikuwa ikiijua rangi ya mtu. Kompyuta zake zilichagua ritani kwa alama nyingine kabisa, na nyingi katika zilizochaguliwa zilikuwa za watu wa kipato kidogo wanaodai nafuu maalumu ya wafanyakazi wa chini. Mwaka huohuo mkuu wa idara alikiri kwamba tofauti hiyo ipo.

Mfano wake wa pili ni wa nyumba ya kukaa. Kwa sheria ya mwaka 1997, Mmarekani akiuza nyumba anayoishi kwa faida, husamehewa kodi ya faida hiyo mpaka dola 250,000, na wanandoa mpaka dola 500,000. Akiuza kwa hasara, hasara ni yake. Haimpunguzii kodi hata senti. Kwa karatasi ni kanuni moja kwa wote. Lakini katika mitaa yenye wakazi wengi weusi bei za nyumba hazipandi kama zinavyopanda mitaa ya weupe, kwa sababu wanunuzi weupe, ambao ndio wengi, huikwepa. Basi wenye faida wasamehewa na wenye hasara waachwa nayo. Kadhalika riba ya mkopo wa nyumba huweza kupunguzwa katika mapato yanayotozwa, ilhali mwenye kupanga hana punguzo kwa kodi ya nyumba anayomlipa mwenye nyumba kila mwezi.

Hapa kwetu sheria ya kodi ya mapato nayo humpunguzia mwenye mkopo wa nyumba kwa ajili ya riba anayolipa. Kwa muda mrefu kikomo kilikuwa shilingi 300,000 kwa mwaka, nacho kimeongezwa kuwa 360,000. Tuliposoma habari za Bi Dorothy tulijaribu kuuliza swali lake katika mitaa yetu. Ni nani anayelipata punguzo hilo? Si yule aliyejizuia na riba, akajenga kwa miaka 15, leo tofali, mwakani mabati. Wala si mwenye nyumba bila ardhi kule Majengo, ambaye kuta ni zake na kiwanja ni cha mtu mwingine anayemlipa kila mwezi, kwani benki haimfungulii mlango. Wala si mkaazi wa shamba lisilo na hati. Hatusemi kwamba walioandika kifungu hicho walikusudia kutuacha nje. Huenda hawakutufikiria kabisa, na hilo ndilo Bi Dorothy analotaka wanafunzi wake wajifunze kulitambua.

Na juu ya mume na mke? Sheria yetu ya kodi ya mapato ya mwaka 1973, katika kifungu cha 45, iliandikwa kwa msingi kwamba mapato ya mwanamke anayeishi na mumewe yahesabiwe kuwa ni mapato ya mume. Baadaye mke aliruhusiwa kujaza ritani yake mwenyewe kwa mapato ya kazi yake, lakini msingi ulibaki umeandikwa. Turudi kwenye mfano wetu wa laki moja na laki moja. Chini ya msingi huo laki mbili zamwangukia mtu mmoja katika jedwali moja, na kodi yawa elfu 40 badala ya elfu 20. Marekani iliigawa mali ya mume baina ya wawili. Huku ya wawili ilirundikwa kwa mmoja. Njia mbili zilizopingana, na katika zote mbili mwanamke mwenye kuchuma ndiye asiyepata kitu. Pendekezo la Bi Dorothy kwa nchi yake ni kila mtu ajaze ritani yake na atozwe kwa chumo lake.

Msomaji Mwislamu atatabasamu hapa, na ana haki. Katika sheria yetu mali ya mke ni yake. Suratun Nisaa, aya ya 32, yathibitisha kwa wanaume fungu la walichokichuma na kwa wanawake fungu la walichokichuma. Matumizi ya nyumba ni juu ya mume hata kama mke ni tajiri kuliko yeye. Na katika Sahihi mbili imepokewa habari ya Bibi Zaynab, mke wa Abdullah bin Masud, Mwenyezi Mungu awe radhi nao, aliyetaka kujua kama sadaka yake yafaa kumpa mumewe na mayatima walio chini ya ulezi wake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alijibu kwamba yafaa, na kwamba atapata ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Tazama lililo ndani ya swali hilo: kama mali ya mke ingekuwa ya mume, pasingekuwa na haja ya kuuliza.

Lakini tusiharakishe kujisifu. Sisi tuandikao haya tumesomesha mlango wa zaka katika darsa ya akina mama kwa zaidi ya miaka 20, na tuliusomesha kama tulivyosomeshwa madrasani. Twaanza na ngamia: watano, mbuzi mmoja, kumi, mbuzi wawili, na kuendelea. Kisha ng'ombe, kisha mbuzi, kisha nafaka. Dhahabu na fedha twazifikia karibu na mwisho wa mwezi wa Shaabani, tukiwa tumechoka, nao wamechoka. Katika mama wale hatumjui hata mmoja mwenye ngamia.

Mwaka juzi mama mmoja, muuzaji wa mabuibui na leso, alinyoosha mkono tukiwa katika ng'ombe. Alisema mumewe kila mwaka hukusanya kila kilichomo nyumbani, fedha zake, faida ya duka la mke, fedha za chama na dhahabu ya mke, akazihesabu pamoja na kutoa zaka moja kwa jina lake, na zaka hiyo hutolewa katika fedha za mke kwa kuwa ndizo zilizo mkononi. Akauliza: "Sheikh, hiyo ni zaka ya nani?" Darasa lote likanyamaza, na wengine wakainamisha vichwa, maana yaonekana haikuwa nyumba moja.

Jibu tulikuwa nalo siku zote. Nisabu ya dhahabu ni mithkali 20, nazo ni kama gramu 85, na kila mtu huhesabiwa kwa milki yake. Mume akiwa na gramu 50 za akiba na mke gramu 50, hazijumlishwi, isipokuwa mali iliyochanganywa kwa ushirika wenye masharti yake, na hilo lina mlango wake. Pambo la halali ambalo mwanamke hulivaa kwa kadiri ya ada halina zaka kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafi, ijapokuwa Mahanafi wasema lina zaka. Bidhaa za duka zina zaka ya biashara, na mwenye kuwajibika ni mwenye duka. Fedha za chama kila mmoja huhesabu fungu lake. Na mume hana idhini ya kutoa katika mali ya mkewe pasi na ridhaa yake. Akitaka kumtolea katika mali yake mwenyewe, na amwombe idhini. Haya yote yamo vitabuni. Tuliyasomesha, na bado mama yule alikaa miaka yote hiyo mbele yetu bila ya kujua kwamba yanamhusu, kwa sababu hatukuwahi kumwuliza ana nini na ni nani anayekihesabu.

Kuna jambo moja ambalo twapenda liongezwe katika njia ya Bi Dorothy, na kwa kweli yeye mwenyewe, kwa kuwa alianza na uhasibu, hakulipuuza. Kisa cha nyumba peke yake hakitoshi. Mwanafunzi ajuaye kusikitikia wanyonge na hajui kupiga hesabu hatamsaidia mnyonge yeyote mbele ya afisa wa kodi, kama vile mhadhiri aliaye mimbarini asivyoweza kumgawia mjane mirathi yake ikiwa hajui mafungu. Kilichomfanya binti wa fundi wa mabomba asikilizwe ni kwamba alikuwa hodari wa hesabu kwanza.

Darsa ya mwaka huu itaanza Alhamisi ijayo baada ya sala ya Alasiri, palepale pa kawaida. Ngamia tumewasogeza mwisho. Tutaanza na dhahabu, duka na chama. Kila mama aje na daftari lake limeandikwa alichonacho kwa jina lake, na ambaye haujui uzito wa dhahabu yake apite kwa sonara kabla ya siku hiyo akapimiwe. Waume wanaotaka kuhudhuria watakaa upande wa baraza, nao waje na madaftari yao.